Meno ya Chini ya Mwalimu

Jumatatu, 3 Machi
Mtoto wa dada yangu, daktari mwenzangu wa meno hapa kliniki — manesi wanamwita Kalkuleta — kaniwekea karatasi mezani. Meno ya bandia yanatutia hasara! Ziara sita kwa seti moja: vipimo, nta, majaribio. Fundi wa maabara naye anataka chake. Halafu mgonjwa anarudi kusuguliwa panapobana, bure. Wakati kung'oa jino ni dakika ishirini tu. "Mkono mtupu haulambwi, Mama Mdogo." Anataka tuache kabisa mwisho wa mwezi. Mfano wake ni Mwalimu, yule mstaafu: amerudi mara tisa. Mara tisa!

Alhamisi, 6 Machi
Mwalimu kaja. Mara ya kumi. Ati panabana chini, kushoto. Fizi safi kabisa. Nikamwambia napaona, nikawasha mashine, nikasugua hewa. "Hapo sasa!" akasema. Tukazungumza nusu saa. Marehemu mkewe alikuwa akibishana na msomaji wa habari redioni. Siku hizi yeye hubisha kwa niaba yake. Nimecheka mpaka machozi. Kisha akaenda zake, nikabaki na kiti kitupu.

Jumanne, 11 Machi
Niseme ukweli, hapa hakuna anayesoma. Mwezi uliopita kidonda kilikuwepo kweli. Dawa nyeupe ya kupimia ilinionyesha panapobana — sikupasugua. Nilijua akiumia atarudi. Aibu gani hii, mtu mzima mimi! Mtu ale upande mmoja wiki nzima kwa sababu mimi nyumbani sina wa kusema naye. Wiki iliyofuata nikapasugua. Kidonda kikapona, naye akaendelea kuja.

Jumatatu, 17 Machi
Kalkuleta kaamua: kuanzia leo, kurudi ni kwa malipo. Mpokezi akampigia Mwalimu. Akajibu asante, meno hayasumbui tena.
"Umeona? Yamepona yenyewe!" Kalkuleta anacheka.
Chakula cha mchana nimekula nimesimama, karibu na sinki. Mpweke mimi. Basi.

Jumatano, 19 Machi
Mwalimu yuko kwenye kiti changu, leso mdomoni, anakohoakohoa. Meno ya chini vipande viwili! Ati yalimponyoka wakati anayaosha. Atalipia seti mpya, pensheni imeingia. Akauliza mara mbili: ni ziara sita, sivyo?
Nimevichukua vipande nikaja navyo chumba cha vifaa. Naandika nimesimama. Meno yakianguka huvunjika ovyo. Haya yamekatika yamenyooka kama rula. Hii kazi ya msumeno! Na kwenye pindo la shati lake kuna unga wa pinki, wa fizi za bandia. Unga huo naujua, nimeukung'uta mikononi miaka thelathini.
Kalkuleta anagonga. "Mama Mdogo, tunamtengenezea, au tunamwelekeza kwingine?"
Anauliza tena, kwa sauti. Mlango uko wazi nusu, na kule kwenye kiti Mwalimu ameacha kukohoa.