Kibuyu Kilichopanda na Uji

Thika, Jumapili, mwezi wa Agosti. Ukungu haujainuka tangu alfajiri, na manyunyu yanaligusa bati kwa namna ambayo mtu mwadilifu hawezi kuiita mvua. Magoti yangu bado yanalalamika. Baba amerudisha tena sahani yake ikiwa imejaa. Ndivyo afanyavyo tangu tumzike mama, na hoja zangu zote hazijafua dafu.

Nilirudi jana kutoka Mlima Kirinyaga, na ninachotaka kukiandika si kilele.

Ni uji.

Tulikuwa watatu. Mimi niliongoza kwa sababu ya umri tu. Gitau ni mwalimu mwenzangu hapa Thika, naye anamchumbia Wairimu wa Ruiru. Wa tatu ni Njoroge, kaka yake Wairimu, karani katika kiwanda cha kahawa, ambaye alikubali kutupikia. Kwetu mwanamume hugusa nyama ya kuchoma, mwiko wa jikoni haumhusu. Njoroge alijifunza upishi kizuizini, alikowapikia wenzake hadi alipoachiliwa mwaka jana. Habari za huko hazisimulii, isipokuwa jinsi uji ulivyokuwa ukiungua.

Muda wote aliozuiliwa, mama yake alisimama mlangoni kila alfajiri akiuelekea mlima, akiomba. Siku tulipoondoka alinivuta kando: anataka maji ya theluji ya mlima ule, ndani ya kibuyu chake mwenyewe, kabla macho hayajamzimika kabisa. Njoroge alikuwa amemwahidi. Kwa hiyo kibuyu kilipanda na uji mchachu wa wimbi aliousaga Wairimu, na kilitakiwa kishuke na maji. Gitau hakuambiwa.

Msituni Gitau alikuwa na maneno mengi. “Njoroge, wanawake wa Ruiru wakikuona na mwiko huo watakuingiza kwenye chama chao.”

“Nitaingia. Wao wakikutana hula. Ninyi walimu mkikutana mnasoma kumbukumbu za mkutano uliopita.”

Alitulisha kwa utaratibu ambao sikuutarajia: viazi vitamu tulipokuwa chini, kisha nyama iliyokaushwa kwa moshi, na githeri ya mahindi na maharagwe aliyokuwa ameichemsha kabisa nyumbani kwa sababu huko juu maharagwe hayaivi. Lakini nilichokistahi ni kitu kingine. Alipokwisha kugawa, hakutazama sufuria. Alitazama vinywa vyetu.

Tulipoivuka mianzi, kinywa cha Gitau kilifungwa. Jioni hakula, asubuhi hakula. Nilimchunguza kadiri ya ujuzi wangu: kichwa hakikumuuma, hakuyumba, hakukohoa. Tumbo tu lilikuwa limekataa. Tulikwisha kukubaliana tangu Thika kwamba hakuna atakayeshuka peke yake, hivyo nikatamka uamuzi: asipotia kitu tumboni, na kitu hicho kikatulia, sote tunageuka.

Nikamweleza juu ya joto la mwili na nguvu za misuli. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaugeukia ukuta wa hema. Nikafungua mdomo nimweleze habari za yule mama wa Ruiru, lakini Njoroge akanivuta nje.

“Mwalimu, usimtie mama yangu ndani ya uji. Akiunywa kwa kumhurumia, atautapika.”

Kisha alifanya jambo ambalo bado nalitafakari. Alifunga mzigo wake kwa safari ya kushuka, mbele ya macho ya Gitau, bila kununa wala kuguna. Mimi nilijua ni nini alichokuwa akikifunga kwa kamba ile.

Alipomaliza, aliketi kando ya Gitau na kibuyu. Akanywa kwanza, kama inavyompasa mwenye kukaribisha, halafu akakitoa kwa mikono miwili.

“Muthoni,” alisema. Ndivyo tumwitavyo shemeji, na hakuwahi kumwita hivyo. “Hiki ni kibuyu cha nyumbani kwetu.”

“Bado sijawa shemeji yako.”

“Basi kirudishe kimejaa. Nitamwambia Wairimu ulikitazama vizuri sana.”

Gitau alicheka bila kupenda. “Haiya! Wewe ni mtu mbaya.”

Kwetu mchumba anayerudisha kibuyu cha nyumba ya msichana bila kukionja amekwisha kusema neno lake. Gitau alipiga funda moja. Njoroge akakipokea, akapiga lake, ingawa alikuwa ameshiba. Wakaendelea hivyo, funda kwa funda, wakibishana ni beberu yupi wa mahari atakayenuka kuliko wenzake. Hakumsihi hata mara moja.

Uji ulitulia. Tulipanda.

Penye ukingo wa barafu Njoroge alikisuuza kibuyu, akakijaza maji ya theluji. Nikamwuliza kwa nini hakumsihi.

“Aliyekataa chakula ukimbembeleza, unampa kazi ya kukataa,” alisema. “Ukinywa naye, hana kazi.”

Hakusema alikojifunza hayo.

Leo baada ya ibada tulikifikisha Ruiru. Mama alikinusa, akaonja, akampa Gitau kabla ya mwanawe. “Nimeambiwa wewe ndiye uliyenimalizia uji.” Kisha akamgeukia Njoroge. “Na wewe hukusuuza vizuri. Maji ya Mungu yananuka wimbi!” Tulicheka sote, naye akakirudia kibuyu, akanywa taratibu hadi tone la mwisho, huku ameuelekea mlima asioweza tena kuuona.

Nimesafiri njia yote ya kurudi Thika nikiifikiria sahani ya baba. Huwa naipeleka chumbani kwake pamoja na hoja, naiacha hapo, kisha naenda mezani kula yangu.

Kesho nitaamka mapema nipike uji mwenyewe. Nitaingia kwa baba na kikombe kimoja.