Kome Waliopumzishwa Kivulini

Jumanne, Kasulo

Na mvua zikianza kesho, basi tena mpaka mwakani.

Wiki nzima nimesubiri jua kali nichukue kome wa mtoni, wale chaza wadogo wa magamba mawili, nione ni jeni zipi zinawaka, yaani zinaanza kazi, mwilini mwao joto linapowazidi. Leo jua limewaka kweli. Nikamwachia Mzee Laurenti, mwenyeji wangu, ndoo ya kome pale juani, nikakimbilia barafu kwa pikipiki. Kome wanatakiwa kugandishwa wangali na joto lao. Wakipoa, jeni zinazima.

Nimerudi nikakuta ndoo chini ya migomba, imefunikwa majani, maji yamebadilishwa.

“Walikuwa wamechoka,” mzee akasema. “Mali ya mgeni siwezi kuiacha juani.”

Kome wametulia tuli. Sasa jeni zao zitanieleza habari za kivuli cha migomba.

Nilitaka kufoka. Lakini alikuwa ameshanitandikia mkeka, na kikombe cha maji kiko pembeni. Nikasema ahsante, mzee. Nikakaa.

Baada ya nusu saa, hata mimi ungenipima jeni usingejua kama nilishinda juani.