Karatasi Tatu za Babu Yaqoob

Al Khuwair, Maskati
Ijumaa, baada ya chakula cha mchana

Kaka yangu mpenzi Maan,

Assalaam alaykum. Natumai umeshapona mafua na baridi ya huko Uingereza imepungua. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Baba bado anagombana na foleni ya kutoka wizarani, na Mama anauliza kama unakula chakula cha kupika au mikate tu. Ningekuandikia kwenye simu, lakini ungenipigia papo hapo, nami nikisikia sauti ya mtu maneno hunikimbia.

Ulifurahi sana kupata rekodi ya utunzi wa Babu, mpaka ukawapelekea jamaa wa Unguja. Sikukueleza ulivyopatikana. Karatasi zilikuwa chini ya kitambaa ndani ya sanduku la klarineti yake: tatu kubwa, zimejaa noti, zimeshonwa pamoja kwa uzi mweusi. Kila karatasi ina kipande chake. Kimoja kizito na cha polepole, cha pili kinayumba kama meli, cha tatu ni jazi tupu, cha kuchezesha miguu.

Bibi Nasriya alinihadithia kwamba Babu alijifunza noti kwenye bendi ya polisi Unguja, na jazi aliipata kwenye santuri za mabaharia. Alipokuja Maskati akawa karani bandarini, na mwaka aliomwoa Bibi ndipo akaandika haya. Bibi hakuwahi kuyasikia yote, kwani akiingia chumbani Babu alikuwa akiacha kupiga kwa haya; vipande vipande tu alivisikia nyuma ya mlango. Alimwambia tu kuwa ni habari ya maisha yake, tangu Unguja mpaka kufika kwake yeye.

Nilinakili noti zote kwa ajili ya okestra ya skuli. Mwalimu Velma, yule Mkenya anayetufundisha muziki, alipiga makofi peke yake darasani akasema haki huyu mzee alikuwa moto. Jina langu likachapishwa kwenye kijitabu cha tamasha. Tulianza na ile jazi, tukamaliza na kile kipande kizito. Watu walisimama. Bibi hakusimama.

Tangu siku ile alipungua maneno. Mama alipomwuliza, alijibu kwamba kumbe Babu furaha yake aliiacha Unguja, na kwake yeye alifika na huzuni.

Kaka, kosa ni langu. Karatasi zile zimeshonwa upande wa kulia, kama kitabu cha Kiarabu, nami nilizifungua kwa nyuma, kama kitabu cha noti cha Kizungu, kipande cha mwisho kikawa cha kwanza. Na si kwamba sikujua. Siku mbili kabla ya tamasha niliona juu ya kile kipande kizito bismillah imeandikwa kwa penseli. Hakuna anayeandika bismillah mwishoni. Lakini vijitabu vilikuwa vimeshachapishwa, okestra nzima ilikuwa imekaa mazoezini, nikaona haya kunyanyua mkono. Nikanyamaza wiki tatu, Bibi akiwa mbele ya macho yangu.

Leo asubuhi nilimpelekea karatasi nikamwambia yote. Alinitazama mpaka nikatamani anipige. Akasema, “Wiki tatu nnalala na huzuni ya marehemu, kumbe huzuni yenyewe umeishona wewe!” Kisha akaniuliza kusoma kote kule kumenifaa nini, ikiwa sijui daftari la babu yangu linafunguliwa wapi. Akaniamuru nilete kinanda.

Nilipiga kuanzia bismillah. Kwenye kile kipande kizito alifumba macho. Jazi ilipoingia akaanza kutikisa bega, halafu akanisimamisha. Alisema ninakwenda mbio mno. Hapo Babu alikuwa akipiga taratibu, akimsubiri yeye amalize kucheka nyuma ya mlango. Nikarudia mara nne.

Tafadhali waambie jamaa wa Unguja waifute ile rekodi. Mwalimu Velma nitamwambia Jumapili, kwa mdomo wangu, mbele ya wote. Niombee.

Mama na Baba wanakusalimu sana, na Bibi anasema uvae soksi. Mungu akuhifadhi huko uliko.

Mdogo wako akupendaye,
Rahaf