Macho ya Mzee Hamisi

Jumanne, 15 Julai. Kasulu
Picha za pasipoti tangu asubuhi. Vumbi kwenye kila lenzi. Nimefuta, limerudi.
Tumebishana tena na Mzee Hamisi, mwenye studio, aliyenifundisha kazi. Mimi: hii fokasi mpya, inayotafuta jicho la mtu yenyewe, mahali pake ni kwenye kamera mpya zisizo na kioo cha kuakisi ndani, kama yangu. Yeye: watengenezaji waiweke na kwenye hizi zetu za kioo, kwani sisi tumekufa? Wateja wakacheka, wakawa upande wake. Nimeudhika.
Alipokwenda kuswali nikafungua menyu ya kamera yake. Yeye hafunguagi menyu. Nikasogeza marekebisho ya fokasi hadi mwisho. Sasa akilenga jicho, fokasi itashika kilicho nyuma ya jicho. Utani wa siku moja tu. Aone mwenyewe kwamba ya kioo imezeeka.

Alhamisi, 17 Julai
Kumbe jana aliibeba kwenda Kibondo, picha za kipaimara. Sikujua. Leo kazifungua kwenye kompyuta. Masikio yanaonekana hadi vinyweleo, macho ukungu. Watoto wote.
Hakuilaumu kamera. Kasema, "Mwanangu, macho yangu yamekwisha."
Nikachukua kitambaa. Mungu wangu, nikafuta lenzi.

Jumapili, 20 Julai
Kampiga picha mjukuu wake. Ukungu. Anasema anakiweka kile kinukta cha fokasi juu ya jicho kabisa, basi labda hata kinukta hakioni tena kilipo.
Mara mbili nimeanza kumwambia, mara mbili mteja kaingia. Uongo. Mteja aliingia mara moja.

Jumatano, 23 Julai
Hospitali wamempima. Macho mazima. Hilo ndilo limemtisha zaidi, anadhani ana ugonjwa usioonekana. Harusi ya Buhigwe ya Jumamosi kaniachia mimi. Kamera anataka kuiuza. Kaniambia nilisema kweli: mashine zinazotafuta macho zimekuja kwa ajili ya vipofu kama yeye.
Nimeshinda ubishi. Mshenzi mimi.

Alhamisi, 24 Julai
Alipokuwa msikitini nimerudisha kila kitu mahali pake. Akaja, nikamsihi apige moja tu. Akakataa. Nikamsihi tena. Akanipiga picha mimi, pale mlangoni. Kope zangu zote zinaonekana.
Akakaa kwenye kiti cha wateja, akalia. Hapo ndipo pa kusema. Sikusema.

Jumapili, 27 Julai
Nimealikwa kwake mchana. Wamechinja jogoo wa shukrani. Nilikwenda nimeazimia kusema kabla ya kunawa.
Mzee akainua mikono, akaomba dua ndefu. Akashukuru kwa macho yake. Kisha akaniombea mimi, niliyemkatalia kuacha kazi. Mkewe na mjukuu wakanitazama, wananisubiri niitikie. Nikasema amina.
Firigisi, ambayo katika nyumba ile ni ya Mzee siku zote, akaitoa kwenye sahani yake akaniwekea mimi.
Nikaila.