Mpaka Sauti Inapofika

Jumanne, 3 Septemba
Soksi za kubana miguu, vidonge vya saa kumi, supu ya karoti. Mzee Alois amekula nusu. Halafu saa mbili na robo jioni, jua likizama, kama jana, kama juzi: dirisha wazi, faneli ya mbao mdomoni, na ile sauti. Ghorofa ya nne. Nadhani Berchem nzima, kitongoji hiki cha Brussels, inasikia. Ni wiki yangu ya pili ya kumhudumia nyumbani kwake. Nimeandika kwenye daftari la zamu kama tulivyofundishwa, unachokiona ndicho unachoandika: anapiga kelele dirishani kila jioni, akizuiwa hatulii. Nikaweka sahihi. Nimechoka hoi.

Alhamisi, 5 Septemba
Ukungu tangu asubuhi. Majengo ya mtaa yanaishia ghorofa ya pili, juu hakuna kitu. Mzee anasema kwao ndivyo ilivyo: unaamka juu ya mawingu, unasikia kengele za ng'ombe chini, ng'ombe wenyewe huwaoni. Kwao ni Uswisi, milimani. Alikuja Brussels kijana, fundi wa lifti, akaoa hapa, akazika mke hapa. Mimi ni wa Lushoto, ukungu naujua. Tumekaa dirishani karibu saa nzima bila neno. Kwa muda sikujua niko nchi gani, na sikujali. Vidonge vimechelewa. Hilo sijaliandika.

Jumatatu, 9 Septemba
Leo nimemuuliza ile faneli ni ya nini. Ya kuchujia maziwa, kasema, ya baba yake. Kiangazi wachungaji hupanda na ng'ombe juu kabisa, miezi mitatu hakuna nyumba wala kanisa. Jua likizama, mchungaji mmoja husimama penye msalaba, huweka faneli mdomoni, huita. Humwita Mungu, Mariamu, watakatifu, mmoja mmoja, pande zote nne. Sauti inapofika, hapo ng'ombe na watu wako salama mpaka asubuhi. Inapoishia, hakuna ahadi. Kwa hiyo unaita kwa nguvu zako zote, na hukosi hata siku moja.

Anaita kwa Kijerumani cha kwao. Leo nimesikiliza vizuri. Katikati kuna majina ya jirani zake: Fatiha wa ghorofa ya tatu, yule bwana mwenye mbwa, Monique binti yake.

Nimekulia nyumba ya tatu kutoka msikitini. Adhana ndiyo iliyokuwa saa yetu. Halafu mimi, mimi mwenyewe, nikaandika kelele. Nimeona haya.

Jumamosi, 14 Septemba
Mkahawani Porte de Namur, mtaani kwangu, na Mama Furaha, mwenzangu wa Bukavu anayeshika zamu ya asubuhi. Hakugusa hata kahawa yake. Madame Monique amepiga picha ukurasa wangu wa daftari la zamu, amempelekea daktari. Alikuwa akitafuta sababu tangu mama yake afe, anamwogopea baba yake kukaa peke yake. Sasa kaipata. Nyumba ya wazee ina nafasi.

Mama Furaha kaniambia mbele ya watu: "Mutoto yangu, ule muzee anaomba Mungu, njo vile tu! Donc weye uliandika makelele ju ya nini?"

Majirani hawajalalamika hata mmoja. Ushahidi wote ni mwandiko wangu. Nimerudi kwa miguu, mpaka nikapotea mitaa ninayoijua.

Jumatano, 18 Septemba
Daftari halifutwi wala halichanwi, ndiyo sheria ya kazi. Nimeandika chini yake ukurasa mzima: ni sala, ni desturi ya kwao, akili yake iko timamu, anajua leo tarehe ngapi, anajua bei ya mkate. Nimeusoma tena. Unasomeka kama wa mtu aliyeshikwa na uongo.

Daktari na Madame Monique wanakuja Jumanne jioni. Nimemwomba mzee siku hiyo asubiri wageni waondoke kwanza. Kakubali. Sikumwambia kwa nini. Mwoga mimi.

Jumanne, 24 Septemba
Walikuja saa kumi na mbili. Mzee kavaa shati jeupe, kajibu kila swali, kamtania hata daktari. Nikaanza kupumua. Lakini daktari hakuinuka. Akaomba kahawa nyingine. Jua likawa linashuka nyuma ya majengo, ukuta wa sebule ukageuka rangi ya embe bivu, ukafifia. Mzee akawa anatazama dirisha. Aliniangalia mara moja. Kisha akainuka, akafungua dirisha.

Sauti ilimkatika njiani. Akaanza upya. Ikakatika tena. Alikuwa amejizuia mno, akaita akilia.

Nikasema, daktari, anaomba, ni desturi. Daktari akafungua daftari mezani, akaniuliza kwa upole: huu mwandiko ni wako? Nikasema ndiyo. Akafunga.

Kama nisingemwomba asubiri, wangemkuta mtu anayesali. Nilimfanya awe vile nilivyoandika. Nimejichukia leo.

Ijumaa, 27 Septemba
Nimeota ng'ombe wakishuka na reli za tramu, taratibu, kijivu, kengele shingoni, bila mtu nyuma. Walipita mlangoni kwetu Lushoto. Mama akatoka na ndoo, hakushangaa. Nilitaka kuwaita, sikuwa na sauti.

Jumatano, 2 Oktoba
Amehamia nyumba ya wazee. Masanduku mawili, kiti chake, redio. Fatiha alipanda na sahani ya keki, akamshika mikono, akauliza sasa jioni atajuaje saa ya kupika. Madame Monique alijifungia msalani akalia, tulimsikia. Sikumwonea hasira. Mzee hakunilaumu kwa sababu hajui. Hakuna aliyemwambia. Nikaosha vikombe, nikarudisha funguo ofisini.

Jumapili, 13 Oktoba
Si kazini. Nimekwenda kama mgeni, na machungwa. Chumba safi, chenye joto. Dirisha limefungwa kwa ufunguo, yote ya ghorofa hiyo yako hivyo. Nje ni maegesho ya magari na miti inayopukutisha majani, mwanga hafifu wa mvua.

Nimemwambia. Mwandiko ni wangu. Neno ni langu. Na siku ile kumsubirisha bila kumwambia kwa nini, ni mimi pia. Nilizungumza nikiangalia machungwa.

Akauliza ninakaa wapi. Nikasema Ixelles, karibu na Porte de Namur. Akauliza ni upande gani kutoka hapa. Sikuwa na hakika. Nikatoa simu, nikatafuta kwenye ramani, nikamwonyesha: kule, nyuma ya ile miti.

Akaniomba nigeuze kiti chake kielekee huko. Nikageuza. Akakunja viganja mdomoni, akaanza, polepole sana, sauti haikufika hata mlangoni. Mhudumu alipita na kigari cha chai, hakutazama ndani. Nimekaa mpaka amemaliza. Majina yalikuwa mengi. Langu lilikuwa la mwisho, na amelitamka vibaya.