Jina la Dawa ya Kwenye Kidumu

Nyumbani,
Jumapili asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu dada yako, na kutoka kwa wote uliowaacha hapa. Hujambo lakini? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa ukilala ubavu? Huko kwenye kambi ya kazi mnakula vizuri? Sisi huku hatujambo, ingawa nimesita kidogo kabla ya kuliandika neno hilo. Mkeo yupo, anakula, anatembea. Shika hilo kwanza, ndipo usome yanayofuata.

Simu yako haipatikani tangu mlipohamishiwa huko mbali. Nimepiga mpaka nimemchoka yule mwanamke anayesema mteja hapatikani. Ndiyo maana nimempa barua hii dereva wa lori, yule yule aliyetuletea kidumu chako. Ameahidi kukukabidhi mkononi na kusubiri jibu. Akifika penye mtandao atanipigia anisomee.

Nakuuliza mapema ili usihangaike kulitafuta swali: ile dawa ya kuua magugu uliyotuletea inaitwaje? Kidumu chenyewe kilikuwa cha mafuta ya kula, na juu yake uliandika kwa mkono wako, "magugu tu, mahindi hayadhuriki." Najua uliimimina kutoka kwenye pipa la kazini. Nataka jina lililoandikwa kwenye pipa.

Sasa nikueleze. Uliituma kwa sababu nililalamika mgongo, na nilipoiona nilifurahi, sikufichi. Nikasema kumbe hata yule mtoro wa jembe amekumbuka palizi. Nikamwita Manyunyu, jirani yetu anayepulizia watu mashamba. Kama kawaida yetu, akajaza bomba lake la mgongoni pale pale kisimani, maana nani abebe ndoo mpaka shambani. Alipomaliza akalisuuza hapo hapo na kumwaga masuuzo kando ya ukingo. Amefanya hivyo miaka yote, na sisi miaka yote tumemtazama huku tukipiga soga.

Mahindi hayakudhurika kweli, na magugu yalilala yote. Baada ya siku chache nyanya za mpakani zikaanza kukunja majani. Nikadhani ni jua, maana lilikuwa kali ajabu. Unajua mmea wenye kiu unavyofanya: mchana unajikunja ili usipoteze maji, jioni unajikunjua. Basi nikangoja jioni. Hazikujikunjua. Majani mapya yakaota membamba kama nyuzi, mashina yakajisokota, mengine yakapasuka. Nikasema haya, upepo umepeperusha dawa, hiyo ni hasara yetu na yameisha.

Kilichonitia hofu ni zile nyanya za nyuma ya jiko. Hizo ziko upande wa pili, nyumba nzima iko katikati, na upepo wa siku ile ulikuwa unavuma kwenda kwingine kabisa. Zinakunywa maji ya kisima tu. Nazo zilikuwa zimejisokota vile vile. Nilisimama na ndoo mkononi, nikaimwaga yote chini, kwa sababu ndoo hiyo hiyo ndiyo niliyotoka kumchotea mkeo maji ya kunywa.

Bwana shamba alikuja. Alizitazama nyanya kwa muda mrefu, akachuma jani, akaligeuza. Akasema dawa za namna hii haziunyimi mmea chakula. Zinaulazimisha ukue, ukue ovyo bila mpango, mpaka unajimaliza wenyewe. Mahindi yana namna ya kuivunja dawa ndani yake, nyanya na maharage hayawezi. Nikamuuliza, na mtu je? Akasema inategemea ni dawa gani na imeingia kiasi gani kisimani, maana zipo nyingi zinazoukunja mmea hivyo, na nyingine huchanganywa mbili pamoja. Akatuelekeza tupande maharage kwenye makopo, udongo ule ule, mengine tuyanyweshe maji ya kisima na mengine maji ya mvua. Alisema maharage hayakawii kuonyesha.

Yameonyesha. Ya maji ya mvua yamesimama vizuri. Ya maji ya kisima yameinamisha shingo na majani yamejikunyata. Tumekifunika kisima kwa mabati na mawe, na maji tunachota shuleni. Manyunyu ndiye anayetuletea madumu kila asubuhi. Anayaweka mlangoni na kuondoka, haingii ndani, hata utani wake ameacha.

Mkeo ameingia mwezi wa saba. Alikuwa akiyanywa maji yale na kuyaoga kabla hatujajua. Juzi alimwambia mama kwamba mtoto amepunguza kucheza. Tukaenda zahanati mbio. Nesi akasikiliza, akasema moyo wa mtoto unapiga vizuri, nami nikamshukuru Mungu kwa sauti mbele za watu. Lakini ametuandikia twende hospitali kubwa Jumatano, na anasema swali la kwanza la daktari litakuwa ni dawa gani. Nikampa kidumu. Akakigeuza huku na huku, akanusa kizibo, akanirudishia.

Naogopa, mdogo wangu. Nikimwona amekaa kibarazani mkono uko tumboni, nami naacha kila kitu, nangoja amwambie mama kwamba mtoto amecheza. Akisema hivyo napata nguvu ya kuosha vyombo. Asiposema napita mbele yake mara nyingi nikijifanya natafuta ufagio. Mama amepiga marufuku mtu yeyote kutaja habari hizi ndani ya nyumba, na anayezitaja kutwa ni yeye.

Mama anakusalimu sana. Shangazi naye anakusalimu, anauliza kama umenenepa. Bwana shamba anasema usione aibu kumuuliza msimamizi wako, asome pipa yeye mwenyewe kama maandishi yamefutika. Mungu akulinde huko uliko, akupe kifua chepesi na safari njema ya kurudi kwetu.

Kuna jambo moja zaidi. Siku dereva alipokuja na kidumu, mkeo alikuwa kliniki. Anadhani nilikinunua mimi sokoni, maana maandishi yako niliyafuta kabla hajayaona. Aliniuliza, macho makavu, nilikuwa nawaza nini kuleta nyumbani dawa isiyo na jina wakati yeye yuko katika hali ile. Nikamwambia nimekosea, anisamehe. Bado hajanisamehe. Ananisemesha la lazima tu, na chakula nikipika mimi anakionja kwanza kwa ncha ya ulimi. Sijamwambia kilitoka kwa nani, wala mama hatamwambia. Anatoa picha yako chini ya mto na kumsimulia mtoto aliye tumboni habari zako, na kwa sasa nataka aendelee hivyo. Nikasirikiwe mimi, nipo hapa, naweza. Wewe andika jina la dawa. Hata kama huna cha kuongeza, andika hilo tu.

Ni mimi nikupendaye vile vile,
Dada yako.