Matundu Kumi na Mawili

Verlyn,

Viazi na nyama ya kusaga viko kwenye oveni. Mbwa ameshakula, asikudanganye.

Asubuhi nilishika breki kwenye kibao cha kusimama pale kanisani, pikipiki yangu ikagoma kusimama. Nikaishia katikati ya mahindi ya mzee Halvorsen, goti limechubuka. Diski ya breki ya mbele imepasuka kutoka tundu hadi tundu, matundu yale yale uliyotoboa Jumamosi bila kuniuliza. Eti, "Inakuwa nyepesi, mpenzi, na maji ya mvua yanapita." Umepunguza uzito wa yai moja! Si ungeanza na hicho kitambi?

~~Nimekusamehe.~~ Sijakusamehe. Mtenda husahau, mtendwa hasahau.

Dada yako amekuja kunichukua, nalala kwake. Tafuta diski nzima, uifunge mwenyewe.

Halafu, najua kesho alfajiri unakwenda ziwani kuvua na wenzako. Ile boti yako ya alumini nimeitoboa matundu kumi na mawili kwa drili yako ile ile, nikayapanga vizuri kama ulivyoyapanga yako. Sasa ni nyepesi, mpenzi, na maji yanapita.

Mkeo,
Darlene